Magogo Niliyogawa Bure, na Kwa Nini Sikuwaletea

Mbukwenyi ndugu zangu. Picha niliyoweka Jumapili kwenye kundi la familia, ya magogo manne niliyoyaandikia "chukua bure", imeleta maneno. Mdogo wangu mwenye karakana pale Chang'ombe, Dodoma, ameuliza bila kuficha: "Kaka, huku tunalia na bei ya mninga, wewe unawagawia Wazungu magogo? Ungetupakilia kontena moja." Mama naye kaandika kwamba labda siku hizi ninazo mpaka nazimwaga. Hilo limeniuma, kwa hiyo nasema yote.

Mti wenyewe unaitwa bichi, kwa Kiingereza "beech". Umejaa kwenye vilima vya Chilterns, jirani na hapa ninapoishi High Wycombe, Uingereza, mji uliojipatia jina kwa kutengeneza viti. Ukianguka ukalala penye unyevu, kuvu huuingia upesi. Kuvu mmoja akikutana na mwenzake hujiwekea mpaka mweusi, kama watu wawili waliogombania shamba, na ukipasua gogo unakuta mistari myembamba inayozunguka kana kwamba mtu aliichora kwa kalamu. Wakerezaji wa mabakuli wanaitafuta sana. Ila ina wakati wake. Ukiwahi, haijachora, ukichelewa, mbao imelegea kama mkate uliolowa chai.

Magogo hayo nilipewa na mwenye shamba tulikokuwa tunakata miti. Alisema niyachukue, mradi niyaondoe mwenyewe. Gogo la upana wa sentimita 80 na urefu wa mita 2, likiwa na maji yake, linakaribia tani moja. Trela lisilo na breki hapa Uingereza kisheria halivuki kilo 750. Nikakodi lori lenye winchi, mara mbili, kwa fedha inayozidi kipato changu cha wiki. Safari ya pili gogo lilibingirika kabla sijalitia kabari, likanivunja kidole cha mguu. Mimi nimejiajiri, siku nisiyoingia kazini silipwi, na nilikaa ndani wiki sita. Mama, ule ndio mwezi niliokwambia mambo yamekaza, na fedha ya dawa zako haikuja. Niliona aibu kusema sababu.

Nilitaka kuanza kazi yangu mwenyewe ya kukereza. Sikuwa na mashine wala banda, nilikuwa na kipande cha uwanja nyuma ya nyumba ya kupanga, na baada ya miaka miwili mwenye nyumba akataka uwanja wake. Huku unaweza kumiliki tani nne za mbao nzuri ukakosa mahali pa kuzipasulia. Yangekaa mwaka mmoja zaidi yangeoza. Nikaona heri yafike kwa mtu mwenye mashine. Mzee mmoja mstaafu alikuja na mwanawe na chenso, wakayakata palepale vipande vya kubebeka. Wiki iliyofuata aliniletea mabakuli mawili. Moja ni la Mama.

Kontena sasa. Karibu nusu ya uzito wa gogo kama lile ni maji. Ningelipia maji hayo baharini mpaka Dar, kisha kilometa kama 450 za lori mpaka Dodoma. Na gogo lenye magome na kuvu hai, mkaguzi gani wa afya ya mimea bandarini angelipitisha?

Lakini mdogo wangu, mwembe nao unachora hivyohivyo. Ule ulioanguka nyuma ya nyumba ya bibi usiugeuze kuni. Kata vipande vya urefu wa mkono, visimamishe kivulini juu ya udongo, mwagia maji, funika kwa majani makavu na turubai. Anza Desemba mvua zikishika, maana jua letu la kiangazi litaukausha kabla kuvu hajafanya kazi. Kila wiki chache choma kwa msumari: ukizama kwa kidole tu, umechelewa. Ukiona mistari, pasua, anika kivulini mpaka ikauke kabisa, halafu ndiyo ukereze. Na ufunge barakoa nzuri, vumbi lile halifai kifuani. Picha ya kipande cha kwanza unitumie mimi kabla ya mteja.