Safari hii sigawi suruali

Nilipungua kilo 12 ndani ya miezi mitano. Sifa zilimiminika, nikagawa suruali zangu zote pana. Miezi mitatu baadaye, usiku, nikajikuta nimesimama mbele ya friji nakula kiporo kwa mkono, na chakula cha jioni hata hakijashuka vizuri. Tumbo limejaa, kichwa bado kinadai. Mwaka haukuisha, kilo 9 zikawa zimerudi, na suruali zile sikuwa na uso wa kwenda kuziomba.

Nilijiita mlafi. Kumbe mwili ulikuwa kazini. Seli za mafuta hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake huko New York. Hiyo ndiyo inayoupasha ubongo habari kwamba akiba ipo. Mafuta yakipungua, leptini hushuka, na ubongo hudhani baa la njaa limeingia: unachochea hamu ya kula, tena unabana matumizi ya nishati. Ghrelini, homoni ya njaa inayotoka tumboni, nayo hupanda. Utafiti wa Australia wa mwaka 2011 ulikuta mabadiliko hayo bado yapo mwaka mmoja baada ya watu kupungua. Mwaka! Mimi nilidhani kazi imekwisha siku mizani iliponifurahisha.

Jeni zina mkono wake pia. Waliorithi nakala mbili za ile aina ya jeni ya FTO inayoongeza uzito huwazidi wasio nayo kwa wastani wa kilo 3 hivi. Kilo 3, si 30, kwa hiyo usimsingizie bibi yako kila kitu.

Basi kama unaanza, panga mapema utakavyoushikilia uzito mpya, maana huko ndiko kwenye kazi. Mimi nanyanyua vyuma mara tatu kwa wiki ili misuli isiyeyuke pamoja na mafuta, kila mlo una protini, na simu nailaza sebuleni kwa sababu usingizi mfupi unanipa njaa ya ajabu kesho yake. Ukinenepa huku unachoka, unasikia baridi na choo ni kigumu, mwombe daktari apime homoni za tezi ya shingo. Zangu zilikuwa sawa. Nakiri niliudhika kidogo, nilitaka pa kutupia lawama.

Sasa nimeshuka kilo 6, taratibu, kwa mwaka mzima. Suruali pana ziko kabatini, nimezikunja vizuri.