Kibali cha familia Ujerumani kinaisha ukiwa nje

Pole na kuuguza, dada. Kibali chako cha kuishi na mumeo Ujerumani kinakaribia kuisha, nawe una mwezi wa nne nje ukimtunza mama. Mimi ningehofia zaidi huo muda wa nje kuliko tarehe ya kwenye kadi. Ukipitisha miezi 6, kwa kawaida kibali hufa chenyewe hata kama kadi bado hai. Iandikie leo ofisi ya wageni ya mji wenu huko Ujerumani, inayotoa vibali, uombe muda mrefu zaidi wa kukaa nje, uambatishe cheti cha daktari. Ombi la kuongeza kibali nalo liingie kabla hakijaisha; tunza uthibitisho. Usitegemee ubalozi, wenyewe hushughulikia viza. Kama ndoa ina mgogoro, muone kwanza wakili wa uhamiaji.