Pengo la miaka 3 na mfupa uliosinyaa

Pole, dada yangu. Umeuliza kama bado unaweza kuwekewa jino la kupandikiza, gego lako likiwa limeng'olewa miaka 3 iliyopita. Mara nyingi inawezekana. Mfupa wa taya hudumu kwa kazi ya kutafuna. Jino likitoka, mfupa huo husinyaa, hasa mwaka wa kwanza. Pitisha ulimi kwenye pengo, utahisi ufizi umebonyea.

Omba kwanza picha ya 3D ya taya. Mfupa ukiwa mwembamba, huongezewa chembechembe za mfupa, kisha mara nyingi husubiriwa miezi 4 hadi 6 ndipo skrubu ya titani, yaani mzizi wa jino la kupandikiza, iingie. Usikubali kuharakishwa. Kama unavuta sigara, acha sasa, nakusihi. Ukilazimika kung'oa jino jingine, uliza kama tundu lake linaweza kujazwa chembechembe za mfupa siku hiyohiyo.