Kabla ya kufungua limita, angalia nguvu inaishia wapi

Wenye pikipiki kubwa wakikutana hapa Mwanza, hasa Jumapili tukielekea Lamadi, hakosekani mtu wa kuuliza kama anaweza kuflashi kompyuta ya pikipiki yake, yaani kuiwekea programu upya, ili mshale wa mizunguko ya injini upite limita, pale kiwanda kilipoufungia. Inawezekana, na kwa mwenye kebo na programu si kazi kubwa. Mimi humrudishia swali: huko juu unakwenda kuchukua nini?

Chukua Yamaha MT-07, ninayoendesha mimi. Silinda mbili, cc 689. Nguvu yake inafika kileleni, kilowati 55, kwenye mizunguko 9,000 kwa dakika, na mstari mwekundu unaanza 10,000. Yaani kabla hujaifikia limita, nguvu imeshaanza kushuka. Kemshafti zake, zile shafti zinazofungua valvu, zimechongwa kwa ajili ya mvuto wa mizunguko ya katikati, ndiyo maana ukiwa kwenye 6,500 pikipiki inavuta kuliko mahali pengine popote. Sogeza limita hadi 11,000 bila kugusa kemshafti, utakachoongeza ni kelele, na kila gia utakuwa unaibadilisha ukiwa umeshachelewa.

Gharama yake sasa. Kila mzunguko pistoni inapanda milimita 68.6 na kushuka hizo hizo. Kwenye 10,000 wastani wa mwendo wake ni karibu mita 23 kwa sekunde, kwenye 11,000 ni mita 25. Mtu anaona tofauti ndogo. Lakini mzigo unaovuta konrodi (mkono unaoshika pistoni), bolti zake na beringi unapanda kwa kipeo cha pili: ongeza resi, yaani mizunguko, kwa asilimia 10, mzigo unaongezeka kwa 21. Springi za valvu nazo zikizidiwa, valvu inachelewa kufunga na pistoni inaikuta njiani. Ikifika hapo usiulize bei ya ringi, uliza bei ya injini.

Wapo wanaonitajia Ducati. Sawa, Panigale 1199 ni silinda mbili na kilele chake kiko 10,750. Ila pistoni yake ina upana wa milimita 112 na safari ya 60.8 tu, kwa hiyo hata kwenye resi hizo inakwenda taratibu kuliko ya MT-07 kwenye 10,000! Tena valvu zake zinafungwa na mikono ya chuma, hazisubiri springi. Kinyume chake ni Honda NC750X, safari milimita 80 kwa pistoni ya 77. Ile iliundwa kwa resi za chini, iacheni.

Halafu kuna hewa yetu. Ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 12 ukilinganisha na Dar. Kompyuta inapima presha hiyo na kupunguza mafuta ili mchanganyiko ubaki sawa, lakini nguvu iliyopotea hairudi. Zile grafu za nguvu za Ulaya unazoonyeshwa kwenye simu zisikutie wazimu.

Hela yako ianze kwenye sproketi, yale magurudumu ya meno yanayoshika mnyororo. MT-07 inakuja na meno 16 mbele na 43 nyuma. Weka 15 mbele, mvuto kwenye tairi unaongezeka karibu asilimia 7 katika kila gia, na kupanda Bugando utauona. Ukienda safari ndefu injini itazunguka zaidi kwa mwendo ule ule, mafuta yatapanda kidogo. Mimi nimekubali.

Kinachofuata ni chujio la hewa na rejeta. Wale wadudu wadogo wa ziwani wakitoka kwa wingi, ukipita kandokando ya maji wanajaa katikati ya mapezi ya rejeta. Mimi natumia brashi laini ya rangi na maji ya kumwagia tu, maana presha ya kuoshea magari inalaza mapezi.

Bado unataka resi? Basi tenga hela ya kutosha: kemshafti, springi ngumu zaidi, konrodi na bolti zake, ndipo limita. Fundi akishafunga kemshafti mpya, mwambie aweke udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, afunge kichwa cha injini, azungushe injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, kisha afungue. Valvu itakuwa imeacha alama. Akate udongo kwa wembe palipo pembamba zaidi na apime unene mbele yako; hiyo ndiyo nafasi iliyobaki kati ya valvu na pistoni. Akikwambia yeye anakadiria kwa macho, chukua pikipiki yako uondoke.

Na siku ya kuflashi, hakikisha programu ya kiwandani imehifadhiwa kwanza, na nakala moja unaondoka nayo wewe.