Kwa nini hatuziinui meli zilizozama

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza: kama sisi wachunguzi wa meli zilizozama tunazijali kweli, mbona tunazipima na kuzipiga picha, kisha tunaziacha hukohuko chini ziliwe na bahari? Swali zuri. Ila umeihukumu bahari kwa jumla, na bahari si moja.

Chukua Mary Rose, manowari ya Mfalme Henry VIII wa Uingereza, iliyozama mwaka 1545. Ilipoinuliwa mwaka 1982, iliyotoka majini ilikuwa karibu nusu ya meli tu. Ilikuwa imelalia ubavu wa kulia, nao ukadidimia kwenye tope. Ndani ya tope oksijeni ni haba mno, kwa hiyo walaji wa mbao hawafiki huko. Ubavu wa kushoto, uliobaki wazi, uliliwa. Mlaji mashuhuri wa mbao baharini ni Teredo navalis: umbo lake ni la mnyoo, lakini ni jamii ya chaza, na hutumia vigamba viwili vidogo kichwani kupekecha ubao. Kwa nje utauona ubao mzima, ukiugusa, unavunjika.

Sasa utaelewa kwa nini Vasa ya Uswidi, iliyozama Stockholm mwaka 1628, iliinuliwa mwaka 1961 ikiwa karibu kamili. Chumvi ya maji yale ni kidogo mno kwa mdudu huyo. Meli hiyo haikulindwa na mtu yeyote kwa miaka zaidi ya 300.

Shida zilianza ilipotoka. Ubao uliolowa kwa karne nyingi ukikauka ovyo husinyaa na kupasuka, kwa hiyo Vasa ilinyunyiziwa polietilini glaikoli, kemikali inayochukua nafasi ya maji ndani ya mbao, kwa miaka 17. Hata baada ya hapo, salfa iliyokuwa imeingia mbaoni kwa kazi ya bakteria katika maji machafu ya bandari ilikutana na hewa na kutu ya misumari, ikaanza kuzaa asidi. Wanaitunza mpaka leo. Nawavulia kofia, lakini niambie ni nani atakayeifanyia hivyo kila meli.

Chuma nacho kina mambo yake. Mzinga uliokaa majini hufunikwa na gome gumu la chokaa, linalojengwa kwa sehemu kubwa na viumbe wanaong'ang'ania hapo. Gome hilo linapunguza oksijeni inayofikia chuma, na kutu inakwenda polepole. Mpiga mbizi akilibandua ili apate picha nzuri, kutu inashika kasi upya. (Wapo wanaofanya hivyo, na hunikera kuliko wezi, mwizi angalau anajua anachofanya.)

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Endurance, meli ya Ernest Shackleton, mvumbuzi wa safari za Antaktika, iliyozama katika Bahari ya Weddell mwaka 1915. Wanabiolojia walishusha mbao na mifupa ya nyangumi kwenye sakafu ya bahari ya Antaktika, wakaviacha miezi 14. Mifupa ilirudi imejaa minyoo wala-mifupa. Mbao zilikuwa karibu kama zilivyoshushwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013, yakiashiria kwamba meli ya mbao iliyozama kusini kule huenda bado ni nzima. Machi 2022 Endurance ikaonekana, mita 3,008 chini, jina lake likisomeka nyuma, anemoni na sifongo, wanyama wa baharini wanaokaa pamoja na mwamba, wakiwa wamejipachika juu yake. Waliipiga picha bila kuigusa.

Sisemi kila meli iliyozama ni heri kwa viumbe. Katika kisiwa cha Palmyra, Pasifiki, meli ya uvuvi ilikwama mwaka 1991, na kiumbe mmoja wa jamii ya karibu na matumbawe akasambaa kutoka hapo na kuyafunika matumbawe yenyewe. Meli hiyo iliondolewa, na ilistahili.

Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001, unaohusu mabaki yaliyokaa majini angalau miaka 100, haukatazi kuinua. Unataka kuyahifadhi yalipo kufikiriwe kwanza. Mimi ningeinua pale ambapo bandari inachimbwa, au nyavu za kukokota zinararua kiunzi, na fedha za kukitunza kwa miongo kadhaa zimeshapatikana. Zikiwa hazijapatikana, ningekifukia kwa mchanga.

Na hizo picha unazozidharau: tunapiga maelfu, kila moja ikiingiliana na jirani yake, kompyuta inaunda umbo zima la meli. Mwanahistoria anapima mbao humohumo ambamo mwanabiolojia anahesabu sifongo, na mwaka unaofuata wote wawili wanalinganisha. Ukija nitakuonyesha moja, ila njoo na diski yako. Mafaili yake ni mazito, hayawezi kutumwa kwa simu.

Mama yako