Jini wa hadithi lazima awe na masharti

Kosa linalojirudia katika miswada ya fantasia tunayoisoma hapa Tanga ni kuchanganya majina. Jini, pepo na mzimu si kitu kimoja. Jini, kwa imani ya Kiislamu, ameumbwa kwa moto, ana hiari yake, na wapo majini waumini. Pepo humpanda mtu, na aliyepandwa huitwa kiti: anaponena, anayenena ni pepo. Mzimu una mahali pake. Watu huufuata kwenye mapango ya Amboni na marashi na sarafu, hauitwi sebuleni. Ukiufanya upande basi hadi Dar es Salaam kulipiza kisasi, msomaji wa Pongwe atafunga kitabu.

Kabla ya sura ya kwanza, jaza ukurasa mmoja: nguvu ni ya nani, huombwa vipi, hudai nini, hugoma lini. Jibu la swali la tatu ndilo hubeba hadithi. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani papa hapa Tanga, alilijua hilo. Katika Adili na Nduguze (1952), nduguze Adili wamegeuzwa manyani, naye analazimika kuwapiga kila usiku, huku akiwaonea huruma. Sharti ni moja tu, ila halimpi usingizi. Waandishi wengi siku hizi huweka masharti kumi, na hakuna hata moja linalomgharimu mtu.

Tambiko usilieleze, lifanye kazi ya mikono. Chetezo, makaa yaliyokolea, ubani wa ukubwa wa punje ya hindi. Ukizidi, moshi unawakohoza waliokaa karibu, na kikohozi hicho huaminika kuliko kurasa mbili za “nguvu za ajabu”. Katika hadithi ya maneno 3,000, tambiko la maneno 200 latosha. La pili liharibike: makaa yazimike, au mtu akosee jina.

Usitunge aya ukaiita ya Kurani au ya Biblia. Buni dini yako na kitabu chake, kisha uiwekee wavivu wake wanaochelewa ibada. Awepo pia asiyeamini, mwenye hoja nzito (kila ukoo una mjomba wa aina hiyo), na asiangamizwe kwa ajili ya kutoamini.

Dua ikija kuokoa watu ukurasa wa mwisho, rudi nyuma uipande: iombwe mapema, isijibiwe, na mwombaji apoteze kitu. Hapo ndipo jibu lake halitaonekana limeokotwa njiani.