Fundi wa ndege, kabla ya kununua laptop ya kazi fikiria mkono wako

Vijana wanaoingia kwenye hii kazi wakiniuliza wanunue laptop gani ya kusomea manyuali, wote huanza na RAM na prosesa. Mimi nawaambia anzeni na mkono, yaani laptop utaiongoza na nini: mausi, tachipadi, kijiti ama skrini ya kugusa. Mkono wa fundi una grisi, una glavu, una jasho, na hapa uwanja wa ndege wa Manda, kisiwa cha jirani na Lamu, una chumvi pia, manake asubuhi tunavuka na boti kutoka Amu, mji wa Lamu, na kusi likivuma maji yanaruka mpaka kwenye begi.

Mausi sahau kabisa. Laptop yenyewe iko magotini ama juu ya toroli ya spana, sasa mausi utaiweka wapi? Na kubwa zaidi ni kile kidude cha USB cha mausi isiyo na waya, kadogo kama kucha, kikidondoka ndani ya injini ya ndege ndogo ya Caravan utakitafuta mpaka jioni na ndege hairuki hadi kipatikane. Spana tunazihesabu kabla ya kufunga kava, ya nini kuongeza vitu vya kuhesabu?

Tachipadi ni sawa ukiwa ofisini unajaza rekodi, lakini nje tone moja la jasho tu mshale unakimbia ovyo. Kile kijiti cha kusukuma mshale, katikati ya kibodi kwenye laptop zingine, ni afadhali, chenyewe kinasukumwa tu, jasho hakijali.

Penye maneno ni tachiskrini. Ile ya kama simu inahisi umeme wa kidole, ukivaa glavu nene haikujui, na manyunyu yakiidondokea inajibonyeza yenyewe. Ile ya zamani ina tabaka mbili nyembamba, ukibonyeza zinagusana, kwa hivyo glavu, kucha, ncha ya kalamu, zote inakubali. Kasoro zake ni kweli, nyingi hazikuzi mchoro kwa vidole viwili, uso unachubuka na mchanga, na jua la saa saba linaifanya hafifu. Bado nachagua hiyo, ila na kalamu yake, kwa sababu kwenye orodha ya vipuri namba zimebanana na kidole chenye glavu kinagusa mstari wa jirani, halafu unaletewa kutoka Nairobi kipuri ambacho si chenyewe na abiria wanangoja. Kalamu ifunge na kamba kwenye laptop, usiiweke mfuko wa shati ukiinamia injini.

Siku hizi kuna za kama simu zenye modi ya glavu, zingine nzuri kweli, lakini usiamini karatasi ya dukani. Nenda na glavu zako za kazi, nyunyiza maji kidogo kwenye skrini, fungua orodha yenye namba ndogo ndogo ubonyeze moja, na muuzaji akikataa tafuta duka lingine.